Kurasa zangu za Hugo zipo kwenye kompyuta, mtandaoni hazipo: nimekosea wapi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nasaidia ushirika wetu wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga kuwa na tovuti. Nimetumia Hugo, ile programu inayogeuza mafaili ya maandishi kuwa kurasa za tovuti, na mandhari ya bure (muonekano uliotengenezwa tayari). Naandika kwenye kompyuta, naangalia kwa `hugo server -D`, kisha naendesha `hugo` na kupakia folda ya `public` kwenye hosting yetu (seva tuliyokodi) kwa cPanel, ukurasa wake wa usimamizi. Mwanzoni orodha ya makala ilijiandika 'Makalas'. Nikasoma mahali kwamba niweke faili la index ndani ya folda, nikaweka `index.md`, makala zote zikapotea. Nimelitoa, zimerudi, lakini kwenye kompyuta tu. Mtandaoni zipo mbili kati ya sita. Moja niliyoiandika saa nne asubuhi na kuipakia papo hapo haikutoka, ila kesho yake nilipopakia kitu kingine ikajitokeza yenyewe. Ukurasa wa bei ya maziwa unafunguka nikiandika anwani yake, lakini hauonekani popote kwenye tovuti, na ule wa bei ya zamani nilioufuta bado watu wanauona. Juzi nimebadilisha kichwa cha makala moja, Hugo ikagoma kabisa. Fundi mmoja ananiambia niachane nayo nihamie WordPress. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, nianze kwa kukutoa hofu: Hugo yako ni nzima, na hakuna ulichoharibu. Kilichokuchanganya ni kwamba mambo haya yamekujia kwa mkupuo, ukayachukua kuwa tatizo moja, na kila ulipolirekebisha ukaona jingine limezuka. Kila moja lina chanzo chake. Nitayapitia yote, ila nitakaa zaidi kwenye `index.md` na kwenye saa, kwa sababu hayo mawili hayatoi onyo lolote. Ukurasa unakosekana tu, na mtu anabaki anajilaumu.

Kuna dhana moja ambayo ni lazima tuiondoe kwanza, nayo ni kwamba ukishaweka faili ndani ya folda ya `content`, umeshachapisha. Wewe unajua jinsi kituo cha kukusanyia maziwa kinavyofanya kazi: mfugaji akishusha dumu lake, maziwa hayamiminwi tangini hadi yapimwe. Hugo nayo ndivyo ilivyo. Kila faili unalolileta inaliangalia limekaa wapi, limeandikwa nini sehemu yake ya juu (mistari iliyo kati ya alama za `+++` au `---`), saa ni ngapi, na kama mandhari yako ina kiolezo, yaani faili la muonekano wa ukurasa, cha kulivalisha. Faili likikwama kwenye mojawapo ya hayo, linawekwa kando, na mara nyingi kimya kimya. Ndiyo maana kulihariri maandishi yake tena na tena hakusaidii, kwani maandishi hayakuwa na kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, jiulize swali moja: je, ukurasa huu umejengwa? Jibu liko ndani ya folda ya `public`. Kama makala yako ni `content/makala/chanjo-ya-ndama.md`, baada ya kuendesha `hugo` unapaswa kukuta `public/makala/chanjo-ya-ndama/index.html`. Ukilikuta, Hugo imeshamaliza kazi yake, na tatizo liko kwenye viungo au kwenye upakiaji. Usipolikuta, tatizo liko kwenye faili lenyewe au mahali lilipokaa, na hata ukipakia mara kumi hutaliona mtandaoni. Ukishapata jibu hilo, nusu ya kubahatisha imekwisha.

Tuanze na zile makala zinazoonekana kwenye kompyuta tu. Ile herufi `-D` unayoiweka kwenye `hugo server -D` inaiambia Hugo ikuonyeshe na rasimu. Unapoendesha `hugo` peke yake ili upate cha kupakia, rasimu zinaachwa. Na kila makala unayoianzisha kwa amri ya `hugo new content` huzaliwa ikiwa rasimu, kwa sababu kielelezo kilichomo kwenye `archetypes/default.md` kinaandika `draft = true`. Kwa hiyo umekuwa ukitazama tovuti mbili tofauti ukidhani ni moja. Endesha amri hii ndani ya folda ya mradi:

```
hugo list drafts
```

Itakutajia kila faili ambalo bado ni rasimu. Yale yaliyo tayari, fungua sehemu ya juu ubadilishe iwe `draft = false`. Kuanzia sasa, ukitaka kuhakiki kabla ya kupakia, tumia `hugo server` bila `-D`. Iache `-D` kwa siku unapoandika tu.

Sasa saa. Makala yako ya saa nne asubuhi nadhani hukuianzisha kwa amri. Ulinakili makala ya zamani ukabadilisha tarehe kwa mkono, ikawa kama `2025-03-10T10:00:00`. Saa 10:00 ndiyo saa nne yetu ya asubuhi, kwa hiyo hapo hukukosea. Kilichokosekana ni saa hiyo ni ya wapi. Usipoitajia Hugo ukanda wa saa, inahesabu kwa saa za UTC, yaani saa za rejea za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa 10:00 za UTC kwetu ni saa saba mchana. Hugo ikaona makala ina tarehe ya mbele, na makala ya tarehe ya mbele haijengwi hadi wakati wake ufike.

Lakini saa saba ilifika na haikutoka. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tovuti ya aina hii haina kitu kinachokesha kwenye seva kikiangalia saa. Kilichoko kule ni mafaili uliyoyapakia, basi. Makala ya mbele itatoka siku utakayoijenga tovuti tena baada ya wakati wake kupita. Ndivyo ilivyotokea kesho yake: ulijenga kwa ajili ya jambo jingine, na wakati huo makala ilikuwa imeshakomaa, ikaingia. `hugo list future` itakuonyesha zote zilizokwama namna hiyo.

Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, `hugo.toml`:

```
timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam"
```

Mstari huo uweke juu kabisa, kabla ya mstari wowote wenye mabano ya mraba kama `[params]`. Hili nalisisitiza kwa makusudi. Katika TOML, yaani namna ya uandishi inayotumika kwenye faili hili, kila kinachoandikwa chini ya `[params]` kinahesabiwa kuwa mali ya `[params]`, hadi yatokee mabano mengine. Ukiubandika mstari wa saa mwisho wa faili, Hugo haitalalamika na wala haitautii. Nimeona watu wakihangaika na mipangilio iliyo sahihi kabisa, kumbe imekaa mahali pasipo pake. Na kama saa ya kuchapisha haina maana kwa wasomaji wako, andika tarehe pekee, `date = 2025-03-10`. Hiyo huchukuliwa kuwa usiku wa manane siku inapoanza, na ukiamka kuipakia asubuhi haitakuwa ya mbele.

(Ukikuta maelezo yanayotaja `config.toml` badala ya `hugo.toml`, usishtuke. Jina jipya lilikuja na toleo la 0.110.0 mwaka 2023, na la zamani bado linasomwa. Ila usiwe nayo yote mawili kwenye mradi mmoja.)

Tuje kwenye `index.md`. Aliyekushauri hakukudanganya, ila ushauri ulipungua herufi moja. Hugo inatambua mafaili mawili yanayofanana majina: `_index.md`, lenye mstari wa chini (`_`) mwanzoni, na `index.md`, lisilo nao. Tofauti yake si ya urembo.

Unapoweka `_index.md` ndani ya `content/makala`, unaiambia Hugo kwamba folda hii ni sehemu yenye kurasa nyingi, na haya ndiyo maelezo ya ukurasa wake wa orodha. Makala zilizomo zinaendelea kuwa kurasa zinazojitegemea. Unapoweka `index.md`, unaiambia kwamba folda hii nzima ni ukurasa mmoja. Kila kingine kilichomo, iwe picha, PDF au faili jingine la `.md`, kinageuka kuwa kiambatisho cha ukurasa huo. Makala zako sita hazikufutwa. Hugo ilizishusha cheo zikawa viambatisho vya ukurasa mmoja uitwao "makala", na kiambatisho cha `.md` hakipewi anwani yake. Kwa kuwa hilo ni jambo halali ambalo watu hulitumia kwa makusudi, haikuwa na sababu ya kukuonya.

Kwa hiyo tengeneza `content/makala/_index.md`, na ndani yake uandike:

```
+++
title = "Makala za ufugaji"
description = "Ushauri kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa"
+++
```

Ukurasa wa mbele wa tovuti una wake pia, `content/_index.md`. Nalo lile `index.md` usilichukie, kwa sababu lina kazi yake nzuri sana. Makala yenye picha, badala ya kuwa faili moja, ipe folda yake: `content/makala/chanjo-ya-ndama/index.md`, na picha ziweke humo humo kando yake. Picha unaiita kwa jina lake tu, na siku ukiihamisha au kuifuta makala, picha zake zinaondoka nayo. Majina ya picha yawe ya herufi ndogo na yasiwe na nafasi. Kwenye Windows, `Ndama.JPG` na `ndama.jpg` ni kitu kimoja. Kwenye seva ya Linux ni picha mbili tofauti, na mojawapo haipo. Hicho ni chanzo kingine cha "kwenye kompyuta ipo, mtandaoni haipo", nacho hakihusiani na Hugo kabisa.

Kuhusu ile "Makalas": programu hii ilianzishwa na Steve Francia mwaka 2013, na kwa chaguo-msingi inadhani majina ya folda zako ni ya Kiingereza. Ikikuta sehemu isiyo na `_index.md`, inachukua jina la folda, inakuza herufi ya kwanza na kuongeza wingi wa Kiingereza. Kichwa ulichokiandika kwenye `_index.md` kitaondoa hilo kwa makala, lakini tovuti ya Kiswahili iongezee mistari hii mitatu juu ya `hugo.toml`, ili usikutane nalo tena kwenye folda nyingine:

```
defaultContentLanguage = "sw"
pluralizeListTitles = false
titleCaseStyle = "firstupper"
```

Mstari wa mwisho unazuia vichwa kutoka "Chanjo Ya Ndama", kila neno na herufi kubwa, pale Hugo inapojitungia kichwa kutokana na jina la faili. Ule wa kwanza unaipa tovuti lugha yake, na ndio unaofungua mlango wa kutafsiri maneno ya mandhari yenyewe. Kama chini ya makala unaona "Read more" na ungependa "Endelea kusoma", angalia ndani ya mandhari kama kuna folda ya `i18n`. Nakili faili lake la Kiingereza, liweke kwenye folda ya `i18n` ya mradi wako (si ndani ya mandhari) kwa jina `sw.toml` au `sw.yaml`, kufuatana na lilivyo la asili, kisha tafsiri maneno yaliyomo. Mandhari nyingi hazina Kiswahili, na kazi hiyo huwa ya mchana mmoja. Ifanye. Mfugaji anayefungua tovuti ya ushirika wake anastahili kuikuta kwa lugha yake kuanzia juu hadi chini.

Makala iliyoigomesha Hugo juzi, bila kuiona, nakisia kichwa chake kina neno ng'ombe. Kielelezo cha matoleo ya karibuni kinaandika kichwa ndani ya alama moja moja za kunukuu, hivi: `title = 'Chanjo Ya Ndama'`. Ukibadilisha kuwa `'Ng'ombe akipunguza maziwa'`, TOML inaona kichwa kimefungwa baada ya "Ng", kisha inakuta maneno yasiyo na mwenyewe. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba makala iliyoandikwa kwa simu inaweza kupita bila shida. Baadhi ya simu huweka alama iliyopinda, ambayo si ile ya kunukuu. Neno ni lile lile, lakini moja linapita na jingine linakwama. Tumia alama mbili kila mara:

```
title = "Ng'ombe akipunguza maziwa ghafla"
```

Kisha fungua `archetypes/default.md` uziweke alama mbili humo pia, ili kila makala mpya izaliwe nazo. Ila alama hizo mbili ziwe zile zilizonyooka. Ukinakili kutoka Word au WhatsApp zinakuja zimepinda, na hizo TOML haizijui. Kama mafaili yako yanaanza na `---` badala ya `+++`, basi ni YAML, namna nyingine ya kuandika sehemu hiyo ya juu, na huko mtego ni nukta mbili: kichwa kama `Chanjo: maswali ya wafugaji` lazima kiwe ndani ya alama za kunukuu. Jina la faili lenyewe liache bila alama yoyote, `ngombe-akipunguza-maziwa.md`, kwa kuwa ndilo linalokuwa anwani.

Kosa la aina hii lina madhara makubwa kuliko makala moja. Faili moja likishindwa kusomeka, ujenzi mzima unasimama, na folda ya `public` inabaki na vitu vya jana. Ukiipakia bila kusoma kilichoandikwa kwenye dirisha la amri, utakuwa umepakia tovuti ya zamani ukidhani ni mpya. Soma ujumbe wa kosa hata kama ni mrefu. Hugo hutaja jina la faili na namba ya mstari, na hayo mawili yanatosha.

Ukurasa wa bei nao ni mzima kabisa. Unafunguka kwa anwani yake, maana yake umejengwa. Haujaunganishwa tu. Mandhari nyingi huonyesha ukurasa wa mbele orodha ya sehemu kuu, na usipoitaja sehemu hiyo, Hugo inachagua ile yenye kurasa nyingi zaidi. Kwako ni `makala`. Faili lililo peke yake kama `content/bei.md` halimo kwenye orodha hiyo, na haliingii kwenye menyu hadi uliweke. Hii hapa inakwenda mwishoni mwa `hugo.toml`:

```
[[menus.main]]
name = "Bei ya maziwa"
pageRef = "/bei"
weight = 10
```

`weight` ni uzito, na chepesi ndicho kinachoelea juu, kwa hiyo 10 inatangulia 20. Mandhari nyingi huiita menyu yao `main`. Kama yako ina jina jingine, maelezo yake yatakuambia. Bei ndiyo mfugaji anayoifuata, iwe ya kwanza kwenye menyu.

Ile bei ya zamani isiyotaka kufa inanisumbua kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuiona akabishana na karani wa kituo. Kuna sababu mbili zilizopandana. Hugo haisafishi folda ya `public` kabla ya kujenga, kwa hiyo ukurasa ulioufuta kwenye `content` unaendelea kukaa humo. Na hata ukiufuta humo, kupakia kwa cPanel kunaweka mafaili mapya juu ya yaliyopo. Hakuondoi yaliyozidi kule kwenye seva. Jambo hilo hilo linaweza kukutokea na rasimu: makala uliyoirudisha kuwa rasimu baada ya kuipakia bado iko hadharani.

Kwenye kompyuta, zoea kuzima seva, kufuta `public` nzima, kisha kuendesha `hugo`. Kabla ya kufuta, kama kuna faili uliloliweka humo kwa mkono, lihamishie kwenye `static`. Kila kilichomo `static` Hugo hukinakili kwenda `public` chenyewe. Kwenye seva, usifagie kila kitu. Folda ya `.well-known` na faili la `.htaccess` mara nyingi vinahusika na cheti cha usalama na mipangilio ya hosting, viache. Na kwa bei ya zamani usiifute tu. Fungua `bei.md`, na sehemu ya juu uongeze anwani ile ya zamani, tuseme ilikuwa `/bei-2024/`:

```
aliases = ["/bei-2024/"]
```

Hugo itatengeneza ukurasa mdogo kwenye anwani hiyo unaompeleka msomaji kwenye bei ya sasa. Ukipakia, utakaa juu ya ule wa zamani. Na kiungo kilichokwishasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambacho huwezi kukirudisha, sasa kinampeleka mtu mahali sahihi.

Sasa fundi wako na WordPress. Kama sababu yake ni matatizo haya, haina uzito, kwa kuwa yaliyokupata yote yanarekebishika leo. Lakini swali lenyewe ni halali, na sitalijibu kwa ushabiki. Hugo inakupa kurasa nyepesi zinazofunguka hata kwa mtu mwenye kifurushi kidogo cha data, hakuna hifadhidata ya kuharibika, na hakuna ukurasa wa kuingilia ambao wahalifu watajaribu nywila usiku kucha. WordPress inadai masasisho ya mara kwa mara, yake yenyewe na ya programu-jalizi zake, na nakala za akiba. Ukiiacha mwaka mzima bila kuigusa, unajitafutia matatizo. Tovuti ya Hugo ukiiacha mwaka mzima utaikuta ilivyo.

Upande wa pili, hivi sasa tovuti ya ushirika inakutegemea wewe na kompyuta yako. Ukisafiri, bei haibadiliki. Kama katibu na daktari wa mifugo wanatakiwa kuandika wenyewe, kwa simu, kila wiki, basi WordPress itawafaa zaidi na nitakuunga mkono. Katikati kuna njia ambayo ningeijaribu kwanza: mafaili ya mradi yakae GitHub, huduma ya kuhifadhi mafaili ya miradi mtandaoni, na ujenzi ufanyike wenyewe kila faili linapobadilishwa. Hapo katibu anaweza kufungua `bei.md` kwenye kivinjari cha simu, akabadilisha tarakimu, akahifadhi, na tovuti ikajijenga. Folda ya `public` hutaigusa tena. Kwa tovuti yenye bei na makala chache kama yenu, mimi ningebaki na Hugo. Kumbuka tu kwamba mradi ukiwa wa wazi GitHub, rasimu nazo zinasomeka na yeyote.

Jambo moja sitakubali ulifanye peke yako. Ushirika ukianza kutaka wanachama waangalie lita walizoleta, au wajaze fomu zenye namba za simu na za akaunti, hapo Hugo imefika mwisho wa uwezo wake, na mwongozo wa kusoma mtandaoni hautoshi. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zinahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana, anayejua mifumo yenye hifadhidata. Wala usiweke jedwali la wanachama ndani ya `static` kwa kudhani hakuna atakayejua anwani yake. Kilichopakiwa kimetangazwa.

Tafuta msaada wa karibu pia kama kikoa (jina la anwani ya tovuti) cha ushirika kimesajiliwa kwa jina la fundi badala ya ushirika, au kama baada ya haya yote ukurasa unajengwa lakini unatoka mtupu. La mwisho mara nyingi ni la violezo: toleo la 0.146.0 la mwaka 2025 lilibadilisha mpangilio wa folda ya `layouts`, na mandhari iliyoandikwa zamani inaweza isiendane vizuri na Hugo mpya. Anayejua violezo atalimaliza haraka akiwa na mradi mbele yake. Mpelekee folda nzima ya mradi, si `public` peke yake, pamoja na maandishi ya `hugo version` na ujumbe wa kosa ulivyonakiliwa neno kwa neno. Na nywila ya cPanel usimpe kwa WhatsApp. Kaa naye, uiandike mwenyewe.